Namna ya Kuandika Historia ya Gazeti la Serikali: Mfano wa Daily News la Tanzania

Ukimuuliza mtu gazeti la Daily News lilianza lini, jibu la haraka utakalopata ni mwaka 1972. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha nje nusu ya kisa, kwa sababu gazeti hilo liliundwa kwa kuunganisha magazeti mawili yenye wazazi tofauti kabisa: moja lilikuwa mali ya kampuni ya kikoloni yenye makao yake Nairobi, na jingine lilikuwa sauti ya chama kilichopigania uhuru. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtafiti yeyote anayetaka kuandika historia ya gazeti hili au la aina yake. Msimamo wangu ni kwamba historia ya gazeti la serikali haiandikwi kwa kufuata jina lake. Huandikwa kwa kufuata nani analimiliki na nani amekalia kiti cha mhariri, kisha kuyapima mambo hayo mawili kwa kile kilichochapwa asubuhi iliyofuata.

Kabla hujafungua gazeti hata moja, chora ukoo wake kwenye karatasi pana. Mstari wa kwanza ni wa Tanganyika Standard, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1930 chini ya East African Standard ya Nairobi, ambayo nayo asili yake ni gazeti la African Standard lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Katika miaka ya 1960 mali hiyo iliingia mikononi mwa Lonrho, kampuni kubwa ya Uingereza iliyokuwa na biashara nyingi barani Afrika. Mstari wa pili ni wa The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU lililoanza mwaka 1964, ambalo kwa miaka kadhaa mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa. Mistari hiyo miwili inakutana mwezi Aprili 1972, na hapo ndipo unapoandika jina Daily News. Kwenye mstari wa kwanza, kabla haujakutana na wa pili, weka alama inayoonekana wazi katika tarehe 5 Februari 1970, siku Tanganyika Standard, ambalo wakati huo lilikwisha kuitwa The Standard, lilipotaifishwa, miaka mitatu kamili tangu Azimio la Arusha.

Mchoro huo utakuepusha na kosa ambalo nimelikuta mara nyingi katika tasnifu za wanafunzi, nalo ni kuchanganya gazeti la serikali na gazeti la chama. Uhuru lilikuwa la TANU, na tangu mwaka 1977 ni la CCM. Daily News ni la serikali. Katika zama za chama kimoja tofauti hiyo ilionekana ndogo, kwa kuwa viongozi wa pande zote mbili walikuwa wale wale, lakini haikuwa ndogo kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha mhariri. Mhariri wa gazeti la chama alijua anamsemea nani, ilhali mhariri wa gazeti la umma alilazimika kujiuliza kila jioni kama anaisemea serikali, taifa, au msomaji aliyelipa senti zake.

Usidhani pia kwamba serikali iliingia katika biashara ya magazeti kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa ikitoa jarida la Kiswahili la Mambo Leo tangu mwaka 1923 kupitia Idara ya Elimu, na mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu ili Waafrika nao wapate mahali pa kusemea mambo yao wenyewe. Aya mbili tatu kuhusu kipindi hicho zinatosha, lakini usiziruke, kwa maana bila hizo msomaji ataona kama kwamba kutaifishwa kulivuruga soko lililokuwa huru kwa wote, na hapakuwahi kuwa na soko la namna hiyo katika Tanganyika ya Waingereza.

Ukiwa na mchoro wako, sasa nenda kwenye magazeti yenyewe. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki, Nyaraka za Taifa zina majalada ya serikali, na kwa matoleo ya zama za ukoloni Maktaba ya Uingereza iliyoko London nayo ina hazina yake. Omba juzuu lililojalidiwa, si vipande vilivyokatwa na kubandikwa kwenye jalada, kwa sababu kipande kinakupa habari bila kukuonyesha ilikaa wapi, ilipewa nafasi gani, na ilizungukwa na nini. Katika maktaba moja niliwahi kufunua juzuu la mwezi niliokuwa nikiutafuta kwa wiki nzima, nikakuta ukurasa wa mbele wa siku niliyoihitaji umekatwa kwa wembe, umebaki ukingo mwembamba wenye tarakimu za mwaka tu. Iliniuma, na tangu hapo nimejizoesha kupiga picha kila ukurasa ninaoushika hata kama siku hiyo siuhitaji.

Jambo la kwanza la kutazama katika kila toleo si habari kubwa. Teremsha macho hadi chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwenye ule mstari wa herufi ndogo unaotaja mchapishaji, mpiga chapa na anwani zao, kisha unakili maneno yake yote pamoja na nukta na mikato. Mstari huo huwekwa kwa matakwa ya sheria, si kwa ajili ya kuwavutia wasomaji, na ndiyo maana husema kweli kuhusu umiliki mapema kuliko tahariri yoyote. Ukiufuata kwa miaka mingi utagundua jambo ambalo mimi linanigusa kila ninapolikumbuka: kampuni inayochapisha Daily News bado inaitwa Tanzania Standard (Newspapers) Limited, kwa hiyo jina la gazeti la kikoloni limeendelea kuishi katika jina la kampuni ya umma miongo mingi baada ya gazeti lenyewe kutoweka mitaani.

Baada ya hapo chagua siku chache za mageuko uzisome kwa karibu. Huwezi kusoma miaka hamsini ya gazeti la kila siku kwa umakini ule ule, na anayejaribu huishia kunukuu vichwa vya habari. Njia ninayoitumia ni kusoma siku saba kabla ya tukio na siku saba baada yake, na kwa kila siku kuandika katika daftari mambo yale yale: habari iliyobeba ukurasa wa mbele, mtu wa kwanza kunukuliwa ndani yake, mada ya tahariri, ukurasa ilikowekwa habari isiyoipendeza serikali, na barua za wasomaji zilizochapwa. Baada ya siku kumi na nne daftari lako litakuonyesha lenyewe ni kipi kilichobadilika na ni kipi kilichobaki palepale.

Siku zinazofaa kupewa muda mrefu kuliko zote ni zile za kuanzia Februari 1970 hadi Aprili 1972. Serikali ilipolichukua The Standard, Rais Julius Nyerere ndiye aliyekuwa mhariri mkuu kwa cheo, na akamteua Frene Ginwala kuwa mhariri mtendaji. Mama huyu alikuwa raia wa Afrika Kusini na mwanachama wa ANC aliyekuwa uhamishoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwahi kutoa jarida la Spearhead hapo hapo Dar es Salaam. Nyerere alitoa pia tamko lililoweka masharti ya gazeti jipya: litaunga mkono sera za ujamaa za nchi, lakini litakuwa na uhuru wa kukosoa matendo ya kiongozi yeyote wa chama au serikali na kuyaweka hadharani makosa ya utekelezaji. Litafute tamko hilo lote ulisome neno kwa neno, maana ndiyo mizani utakayotumia kulipima gazeti. Kulihukumu kwa mizani ya gazeti la kibinafsi la nchi nyingine hakutakusaidia, kwa sababu halikuahidi kuwa hivyo. Lihukumu kwa kile lilichoahidi.

Kisha fuatilia ahadi hiyo ilivyoishi. Mwezi Julai 1971 kulitokea jaribio la mapinduzi nchini Sudan, na Jaafar Nimeiri, kiongozi wa nchi hiyo, aliporejea madarakani aliwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti. The Standard liliandika tahariri kali ya kulaani mauaji hayo, na muda mfupi baadaye Ginwala aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Sammy Mdee. Wengi hulisimulia tukio hili kwa sentensi moja na kupita. Wewe simama hapo. Soma tahariri yenyewe, halafu rudi nyuma miezi mingi uorodheshe tahariri zilizowakosoa watendaji wa ndani ya nchi ambazo hazikumwondoa mtu yeyote kazini. Nionavyo mimi, mpaka wa uhuru wa gazeti la serikali hauandikwi katika hati yoyote. Huonekana siku mtu anapouvuka. Katika kisa hiki mpaka ulionekana pale sauti ya mhariri ilipochukuliwa na dola ya kigeni kuwa ndiyo sauti ya Rais, kwa kuwa Rais huyo huyo ndiye aliyeitwa mhariri mkuu. Cheo kilichokusudiwa kumlinda mhariri dhidi ya mawaziri ndicho kilichomnyima kinga mbele ya ulimwengu. Hoja hiyo ni yangu, nawe una haki ya kuipinga, lakini ipinge ukiwa na kurasa mkononi.

Usiyasome matoleo hayo peke yake. Weka The Nationalist na Uhuru la siku hiyo hiyo pembeni, na kwa miaka kabla ya 1976 ongeza Ngurumo, gazeti la Kiswahili la mtu binafsi lililopendwa na watu wa kawaida mjini. Habari moja ikitokea katika magazeti yote manne, tofauti ya maneno ndiyo itakayokufundisha zaidi: nani ameandika “serikali imeamua”, nani ameandika “wananchi wameambiwa”, na nani amenyamaza. Mfano wa majirani nao utakusaidia. Uganda Argus, lililotoka katika kundi lile lile la Nairobi, liligeuzwa Voice of Uganda mwaka 1972 chini ya Idi Amin, nalo Times of Zambia lilichukuliwa mwaka 1975. Ukiyalinganisha utajua ni yapi yaliyokuwa ya Tanzania peke yake na ni yapi yaliyokuwa ya zama zile.

Wafuate wahariri walikotoka na walikokwenda. Mkapa, aliyekabidhiwa Daily News mwaka 1972, alikwenda kuwa mwandishi wa habari wa Rais, akaongoza Shirika la Habari la Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1976, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais wa Tanzania. Ginwala alirejea kwao na akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini kuanzia mwaka 1994 hadi 2004. Njia za watu hao zinaonyesha kwamba chumba cha habari cha gazeti la serikali kilikuwa pia mlango wa kuingilia katika utawala, na mhariri anayejua hivyo huandika akiwa na mambo mengi kichwani zaidi ya habari ya siku ile.

Kuhusu sheria, orodha fupi inatosha: marekebisho ya mwaka 1968 yaliyompa Rais uwezo wa kufungia gazeti kwa maslahi ya umma, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Kwa kila moja, jiulize kama ililigusa gazeti la serikali au ililenga washindani wake.

Hesabu pia kurasa. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni, na karatasi ya kuchapia gazeti huhitaji fedha hizo. Idadi ya kurasa na nafasi ya matangazo ya mashirika ya umma zitakueleza hali ya uchumi bila wewe kutafuta takwimu mahali pengine. Endelea kuhesabu hadi baada ya mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa na magazeti ya watu binafsi yakaongezeka kwa kasi, na utazame gazeti la serikali lilivyoanza kugombania wasomaji. Kuanzishwa kwa HabariLeo mwaka 2006, gazeti la Kiswahili la kampuni ile ile, kunapaswa kusomwa ndani ya ushindani huo: serikali ilikuwa imekaa zaidi ya miaka thelathini na gazeti la kila siku la Kiingereza katika nchi ambayo watu wake husoma na kuzungumza Kiswahili.

Mwisho waendee wazee waliofanya kazi humo, na usiishie kwa wahariri. Mpanga chapa, dereva aliyesambaza magazeti alfajiri na msahihishaji wa prufu hukumbuka mambo ambayo mhariri hakuyaona au ameamua kuyasahau. Nenda na nakala ya ukurasa wa siku unayotaka kuulizia, uiweke mbele ya mzee, na umwache aisome yeye kwanza hadi mwisho kabla hujauliza swali lolote. Andika tarehe ya mazungumzo juu ya daftari, andika tarehe ya gazeti chini yake, na akikumbuka jambo linalopingana na ukurasa, yaandike yote mawili yalivyo, kila moja na chanzo chake.