Somo: Kupima darasani kama njia mpya ya kufundishia inasaidia kweli

Njia mpya ikiingia darasani, wiki ya kwanza karibu kila mtu huiona inafaa. Mwalimu ana ari, wanafunzi wanajua wanaangaliwa, na maswali hutolewa somo likiwa bado bichi kichwani. Hapa kuna jaribio dogo ambalo mwalimu mmoja anaweza kulifanya kwa wiki tano au sita bila bajeti yoyote zaidi ya karatasi. Mfano wetu ni huu: wanafunzi hukumbuka zaidi wakijibu maswali daftari likiwa limefungwa, au wakisoma tena waliyoandika?

1. Andika swali kwanza

Swali litaje nani, nini kinabadilishwa, kinalinganishwa na nini, na kitapimwa lini. "Je, ufundishaji shirikishi unasaidia?" halipimiki, maana ndani yake mna mambo kumi. Badilisha jambo moja tu. Muda nao uwe sawa: wanaojibu maswali wakipewa dakika 10, wanaosoma tena nao wapewe 10. Usipofanya hivyo utakuwa umepima muda, si njia.

2. Piga kura, na usiiguse

Chagua mambo 24 ya kujifunza kwenye mada (istilahi, sababu, hatua za mchakato). Yapange mawili mawili kwa ugumu unaolingana, kisha rusha sarafu kuamua lipi liende Seti ya 1 na lipi Seti ya 2. Kila seti itakuwa na mambo 12.

Tuseme una wanafunzi 40. Andika namba zao kwenye vikaratasi, changanya, chota 20: hao ni Kundi A, waliobaki ni B. Kundi A linajibu maswali ya Seti ya 1 na kusoma tena Seti ya 2. Kundi B linafanya kinyume. Kila mwanafunzi anapata njia zote mbili, hivyo hakuna anayenyimwa, na kila mmoja analinganishwa na nafsi yake.

Kishawishi kikubwa ni kuirekebisha kura kidogo "ili makundi yalingane". Acha. Mwaka 1930 huko Lanarkshire, Uskoti, watoto wapatao 20,000 waliingizwa kwenye jaribio la maziwa ya shuleni, nusu wakipewa na nusu wakikosa. Walimu waliruhusiwa kubadilisha majina pale kundi lilipoonekana lina watoto wengi mno wenye lishe nzuri au duni. Mwaka 1931 mwanatakwimu William Gosset, aliyeandika kwa jina la Student, alionyesha kwamba huruma iliharibu ulinganisho: waliokosa maziwa walikuwa wazito na warefu zaidi tangu siku ya kwanza. Kwa hesabu yake, jozi 50 za mapacha wa kufanana zingetoa jibu la kuaminika kuliko watoto wote wale. Mpango wetu unafuata mantiki hiyohiyo, ila pacha wa mwanafunzi ni yeye mwenyewe kwenye seti ya pili.

3. Chumba

Makundi yote mawili yafanye mazoezi chumba kimoja, saa ileile, kimyakimya. Mmoja ana karatasi ya maswali, jirani yake ana karatasi ya kusoma. Kwa njia hiyo joto, kelele na hewa vinawapata wote sawa, na hulazimiki kuvihesabia baadaye.

Ukishindwa na kuwaweka vyumba tofauti, chumba chenyewe kinaweza kukupa matokeo ya uongo. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichunguza shule ya New York iliyopakana na reli ya juu. Madarasa ya upande wa reli yalikuwa nyuma katika kusoma kuliko ya upande tulivu. Reli ilipowekewa pedi za mpira na dari za madarasa kupigwa vifaa vya kufyonza sauti, ufuatiliaji wa mwaka 1981 ulikuta pengo limeondoka. Nchini Denmark, Pawel Wargocki na David Wyon waliona watoto wa miaka 10 hadi 12 wakifanya kazi za darasani kwa kasi zaidi joto liliposhushwa kutoka nyuzi 25 hivi hadi 20, na pia hewa safi ilipoongezwa.

Kwa hiyo rekodi. Kipimajoto kiwe kwenye usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, kama mita 1.1 kutoka sakafuni, mbali na jua la dirishani. Ukiwa na kipima kaboni dioksidi, kiweke zaidi ya mita moja kutoka kwa mtu yeyote, maana pumzi ya mtoto wa karibu itakudanganya. Hewa ya nje ina takriban ppm 420 za kaboni dioksidi (ppm ni sehemu kwa kila sehemu milioni). Chumba kikipita 1,000, hewa haibadiliki vya kutosha. Programu za simu za kupima kelele zinafaa kulinganisha chumba na chumba kwa simu ileile, lakini namba yake ya desibeli usiitegemee.

4. Vipindi

Fundisha mambo 24 kwa vipindi vinne, mambo sita kila kipindi, matatu kutoka kila seti. Mwishoni mwa kipindi kila mwanafunzi ana dakika 10 kwa maswali na dakika 10 kwa kusoma tena. A waanze na maswali, B waanze na kusoma, kipindi kinachofuata wabadilishane. Katika dakika za maswali, 8 ni za kuandika majibu na 2 za kuona majibu sahihi. Usiruke hizo 2: asiyesahihishwa huenda na kosa lake hadi mwisho.

5. Pima baadaye

Hapa ndipo majaribio mengi ya walimu huharibika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha njia hizihizi mbili kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja waliojipima ndio walioongoza, asilimia 56 kwa 42. Angepima siku ileile tu, mtu angeondoka na jibu la kinyume.

Pima siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kipindi cha mwisho. Kwa kuwa mtihani wenyewe hufundisha, usirudie maswali: kwa kura, mambo 6 ya kila seti yaingie mtihani wa kwanza, 6 yaliyobaki yaingie wa pili. Maneno ya swali yasiwe yaleyale ya zoezini. Mwongozo wa usahihishaji uandikwe kabla, majina yafunikwe, karatasi za A na B zichanganywe.

6. Hesabu

Kwa kila mwanafunzi: alama za mambo aliyojibia maswali, toa alama za mambo aliyosoma tena. Tafuta wastani wa tofauti hizo kwa A, kisha kwa B, halafu wastani wa hizo mbili. Hivyo ugumu wa seti unafutana hata kama kundi moja lina watoro zaidi.

Mfano wa kubuni: wamebaki 36, kumi na wanane kila kundi. Wastani wa tofauti ni alama 0.9, mtawanyiko wa tofauti hizo (mchepuko sanifu) ni 1.8. Gawa 1.8 kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6: unapata 0.3. Zidisha kwa 2: 0.6. Itoe na uiongeze kwenye 0.9: faida halisi huenda iko kati ya 0.3 na 1.5. Kama kiwango hicho kingemeza sifuri, jibu lingekuwa "data haijatosha", si "njia haifai".

Maswali ya walimu

Swali: Nina mikondo miwili. Si rahisi zaidi kufundisha mmoja kwa njia mpya na mwingine kwa ya zamani?

Jibu: Rahisi, ndiyo. Ila una vitu viwili vya kulinganisha, si wanafunzi 80, kwa sababu kila mkondo una saa yake, chumba chake na wakorofi wake. Jaribio la STAR la Tennessee, Marekani, lililoanza 1985 kupima ukubwa wa darasa (wanafunzi 13–17 dhidi ya 22–25), lilihitaji shule 79 na kura ya wanafunzi na walimu pia. Madarasa madogo yalifanya vizuri zaidi, lakini tazama gharama ya kulijua hilo. Wewe badilishana kwa mada: mada hii mkondo huu, mada ijayo mkondo ule.

Swali: Na mpangilio wa madawati?

Jibu: Tumia zamu: wiki mbili vikundi, wiki mbili mistari, kisha rudia vikundi. Kevin Wheldall na wenzake, Uingereza 1981, walifanya hivyo. Umakini kwenye kazi ulipanda wakati wa mistari, ukashuka waliporudi mezani pamoja. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmojammoja. Usiihamishie kwenye majadiliano. Chagua kwa kura wanafunzi 8, mtazame kila mmoja sekunde 5 kwa zamu, weka alama: yumo kazini au hayumo. Anayetazama asiwe anayefundisha.

Swali: Wanafunzi waambiwe?

Jibu: Waambiwe, na uongozi wa shule na wazazi watoe ruhusa. Sema unalinganisha njia mbili za marudio. Usiseme unatarajia ipi ishinde.

Swali: Ninataka kupima muda wa kusubiri baada ya kuuliza swali. Nihesabu kichwani?

Jibu: Hapana, rekodi sauti. Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu, na wakifika 3 majibu ya wanafunzi hurefuka. Sekunde 3 za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno kwa anayezisubiri, kwa hiyo makadirio ya mwalimu hayaaminiki.

Swali: Nimefanya hatua zote, tofauti imetoka 0.1. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hukukosea. Lakini angalia mambo mawili. Kama wengi wamepata 5 au 6 kati ya 6 pande zote, mtihani ulikuwa mwepesi na hapakuwa na nafasi ya tofauti kuonekana. Kisha fungua karatasi za mazoezi: kama wengi walishindwa zaidi ya nusu ya maswali, hawakuwa na cha kukumbuka. Rudia na mada nyingine, safari hii ufundishe hadi wapate kama asilimia 70 kwenye zoezi la kwanza.