Bakuli la povu la kunyolea usinunue, angalia kabatini kwanza

Vijana wanaoanza kunyoa kwa brashi na sabuni swali lao kwangu huwa ni moja tu, kaka bakuli napata wapi. Brashi kashanunua, sabuni ya kijiti anayo, alafu anasimama hapo kwa sababu kaona bakuli maalum la kunyolea linauzwa hela ambayo ingemtosha seti nzima ya vikombe vya chai. Jamani msinunue. Bakuli la povu lipo kwenu tayari, liko kabatini au kule nyuma kwenye vyombo vilivyobaki bila wenzake, kazi ni kujua lipi linafaa na kwa nini.

Na kwa nini tuhangaike na povu wakati kuna la kopo, unabonyeza linatoka? Kwa sababu ya ndevu zetu hizi za kipilipili. Ukizikata hazijalowa vizuri ncha inabaki kali kama mwiba, inajikunja inarudi ndani ya ngozi, hapo ndo shingo inajaa vipele na weusi usioisha. Mi niliteseka na vipele vya shingo miaka mingi sana, nikabadilisha wembe, nikabadilisha dawa za kupaka, kumbe shida ilikuwa nanyoa ndevu kavu kavu. Unywele ukikaa na maji ya vuguvugu dakika mbili tatu unalainika, wembe unapita bila kuvuta, na povu zito ndo linaloyashikilia yale maji usoni yasikauke wakati unanyoa. La kopo limejaa hewa tu, ukimaliza shavu moja jingine limeshakauka.

Sasa bakuli. Mdomo wake uwe na upana wa kama sentimita 10 mpaka 12, kina sentimita 5 mpaka 7, yaani brashi izunguke bila kugonga kingo na povu lisiruke likaishia ukutani. Kama ni dogo kuliko hapo brashi inabanwa, na sahani ya supu ni pana mno, povu linasambaa linapoa na hewa haiingii. Chini liwe la mviringo, lisiwe na kona ambazo sabuni itajificha. Liwe na uzito au liwe la kushikika kwenye kiganja, maana mkono utakuwa na sabuni na vigae vya bafuni havina huruma. Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, liwe safi kabisa bila mafuta. Mafuta yanaua povu. Bakuli lililotumika kwa mchuzi wa nazi jana, hata ukiliona linang'aa, lina utando, povu linapanda kidogo alafu linalala. Lioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mara mbili, pitisha kidole ndani, likilia kwii basi liko tayari.

Tuanze na vile vibakuli vidogo vya stili vya Kihindi, vya kuwekea dengu au achari, vimejaa masokoni na nyumba nyingi vipo. Havivunjiki, havishiki kutu, vinaosheka. Ubaya wake ni viwili, chini ni laini mno brashi inateleza, na joto linakimbia haraka, lakini vyote vina dawa na nitaeleza huko chini. Bakuli la kauri la uji au la supu ndo zuri kuliko yote kwa joto, lina uzito, lile lililopata ufa mdogo pembeni na mama watoto halitaki tena mezani ndo hilo hilo, ila hakikisha ufa sio mkali wa kukukata. Vyombo vya bati vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu navipenda kwa sababu babu yangu mzaa mama kule Pangani alikuwa na kikombe cha hivyo, asubuhi unamkuta barazani ana kioo kidogo ameegemeza kwenye nguzo, ukimpa shikamoo anaitikia marahaba huku shavu moja jeupe povu. Kikombe kirefu kinasumbua lakini, mkono unaingia mpaka kwenye mpini wa brashi, kwa hiyo kama ni cha bati tafuta kibakuli, na kiwe hakijabanduka ndani maana pale palipobanduka panashika kutu.

Kama hauna chochote anza na kopo la Blue Band lile dogo. Osha mafuta yote kama nilivyosema, kwaruza chini kwa msasa, kazi inaanza leo leo. Ni jepesi tu, inabidi ulishike kwa nguvu. Bakuli za melamini nazo zinafaa, ila usizimiminie maji yanayochemka.

Visivyofaa ni vichache. Kisufuria cha alumini achana nacho, sabuni inakifubaza na brashi ikisugua povu linatoka la kijivu. Bakuli la mbao lisilopakwa vanishi linalowa na kukauka kila siku mwisho linapasuka. Na kinu cha kutwangia, hata kama umbo lake ni zuri kiasi gani, kama kimewahi kutwanga pilipili usithubutu, mbao zinanywa ule ukali na uso uliotoka kunyolewa hauna pa kukimbilia. Pia wale mnaotumia unga wa kuondolea ndevu, ule wa kukoroga na maji unaonuka kama yai bovu, bakuli lake liwe lake peke yake, ile ni dawa kali isichanganyike na povu wala brashi.

Sasa nije kwenye kipenzi changu, kifuu cha nazi.

Kifuu kina kila kitu. Ukubwa wake wenyewe ni zile sentimita 10 au 12, umbo ni la mviringo kamili, hakipitishi joto haraka kama stili, na ukikwaruza ndani kinabaki na mikwaruzo midogo midogo inayosaidia povu kupanda. Ila uchague nusu sahihi. Nazi ina macho matatu upande mmoja na moja kati ya hayo ni laini, ndo pale chipukizi linapotokea, kwa hiyo nusu yenye macho itakuvujia siku yoyote. Chukua ile nusu ya pili, isiyo na macho. Vunja kwa mgongo wa panga ukizungusha taratibu katikati, au kama unataka mdomo ulionyooka kata kwa msumeno wa chuma. Kuna nazi kwenye mbuzi kama kawaida, usitupe tui la watu, alafu nyama iliyobaki ikwangue kwa kisu mpaka uone kifuu chenyewe. Kianike kivulini siku mbili tatu, juani kitapasuka. Toa nyuzi za nje, piga msasa mzito kisha laini, na ukingo uuzungushie vizuri usikukwaruze. Ndani piga ule mzito tu, uache ukali kidogo.

Hapa watu wanaharibu, wanakipaka mafuta ya nazi kiwe kizuri. Nje sawa, ndani hapana! Nimeshasema mafuta yanaua povu, na kifuu chenyewe bado kina mafuta yake, kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza kioshe kwa sabuni na maji ya moto mara tatu nne. Kwa kuwa chini ni duara hakikai mezani, mi naviringisha kitambaa nafanya ngata ndogo kama ya kubebea ndoo, nakiweka juu yake, kinatulia. Wakati wa kukoroga nakishika kiganjani na kinakaa kama kilitengenezwa kwa ajili ya mkono wangu.

Kwa wale wenye vyombo laini vya stili au kauri, dawa ya kuteleza ni matuta. Brashi ikipita kwenye matuta inajipinda na kuachia, kila inapoachia inaingiza hewa, ndo maana bakuli za dukani zina michirizi chini. Nunua silikoni, ile gundi mafundi wanayozibia pembeni ya sinki na vioo, isiyo na rangi. Futa bakuli likauke kabisa, chora mistari mitano sita myembamba kutoka katikati kwenda pembeni, au weka vidoti tu, unene wa punje ya mchele unatosha, ukizidisha brashi itakwama na kukatika nywele. Itanuka kama siki, ni kawaida, iache masaa 24 mpaka harufu iishe alafu osha. Ukiichoka unaibandua kwa kisu na bakuli linarudi lilivyokuwa.

Dawa ya joto ni rahisi zaidi, bakuli mbili. Kubwa unaweka maji ya moto kama robo, dogo unalikalisha ndani yake. Mikoa ya baridi kama Njombe au Mbeya mwezi wa saba hii ni lazima, huku Dar wala sihangaiki nayo sana.

Haya tupige povu. Loweka brashi kwenye maji ya vuguvugu, joto la maji ya kumuogeshea mtoto, dakika moja au mbili, yasiwe ya kuchemka yanalegeza gundi iliyoshika nywele za brashi. Kwa Waislamu wenzangu, ulizeni brashi ni ya nywele gani kabla hamjalipa, nyingi za bei nafuu ni nywele za nguruwe, lakini za sintetiki zipo na zinatoa povu haraka kuliko hata hizo na hazihitaji kulowekwa muda wote huo. Wakati brashi inalowa wewe osha uso, weka taulo lenye maji ya vuguvugu.

Toa brashi, ikung'ute mara mbili tatu ibaki na unyevu isichuruzike. Kama una krimu weka kiasi cha punje moja ya korosho katikati ya bakuli. Kama ni kijiti, kwangua kwa kisu vipande vyembamba, vijaze kijiko cha chai, uvikandamize chini kwa kidole vishike. Iwe sabuni ya kunyolea kweli, ile imepikwa kwa potashi ndo maana inayeyuka laini na povu lake linakaa, sabuni ya kuogea povu lake ni mapovu makubwa yanayopasuka hapo hapo, na sabuni ya mche kwa uso hapana kabisa jamani, hiyo ni ya nguo.

Zungusha brashi kwa upole sekunde 30 hivi, usikandamize mpaka nywele zilale, ncha ndo zinafanya kazi. Mwanzoni utaona kitu kizito kinachonata kama gundi, hapo wengi wanafikiri limekubali wanapaka, bado! Ongeza maji nusu kijiko cha chai, zungusha, ongeza tena, zungusha, kwa dakika moja au mbili. Mwanzo linakuwa na mapovu makubwa, kadiri unavyokoroga yanapungua mpaka hauoni kiputo hata kimoja na povu linang'aa kama mtindi mzito. Inua brashi, likisimama kama kilele kidogo alafu ncha ikainama, hapo acha. Likisimama wima limekauka, ongeza matone. Likichuruzika umezidisha maji, weka sabuni kidogo endelea.

Ukifanya yote hayo na povu bado halipandi usilaumu bakuli, angalia maji. Maji ya kisima yenye chumvi, na sisi wa Dar wengi tunaogea hayo hayo, yana madini yanayoshikana na sabuni, badala ya povu unapata vile vimabonge vyeupe kama maziwa yaliyokatika na utando kwenye bakuli. Nilitupa sabuni nzuri kabisa kwa sababu hiyo nikidhani ni feki. Kinga maji ya mvua, au tumia ya kunywa, nusu kikombe kinatosha kuloweka brashi na kupiga povu zima, ya kisima ubaki nayo kwa kusuuza.

Paka kwa kuzungusha brashi usoni ili ndevu zisimame, liache povu likae dakika moja au mbili, alafu nyoa kufuata zinakolalia, hasa shingoni ambako huwa zinageuka geuka, pitisha vidole kwanza ujue. Usiivute ngozi sana. Povu lililobaki bakulini usilimwage, ukitaka kupitisha wembe mara ya pili paka tena, usinyoe juu ya ngozi tupu.

Ukimaliza suuza bakuli hapo hapo kabla sabuni haijakauka, likiwa na utando mweupe wa chumvi futa kwa limao au siki. Kifuu kifute kwa kitambaa ukipindue juu ya ngata yake, kisibaki na maji ndani. Brashi ikamue kwa mkono, ikung'ute, uitundike au uisimamishe penye hewa, usiifungie kabatini ikiwa mbichi itaota ukungu. Na bakuli likishakuwa la kunyolea halirudi jikoni, lichoree alama chini kwa rangi ya kucha ili anayekuja kutafuta chombo cha kachumbari alijue. Wembe, brashi na bakuli viwe vya mtu mmoja, hata kwa mdogo wako wa damu, maana kidonda kidogo cha kidevuni kinaweza kupitisha homa ya ini. Mdogo wako mpe ile nusu nyingine ya nazi ukishaziba jicho lake kwa silikoni iliyobaki, siku moja inakauka.