Mambo ya kuweka sawa kabla hujajifungua, upande wa akili

Beseni tunanunua, kanga, glavu, nguo za mtoto, hela ya bajaji tunaificha kabisa, ila kichwa cha mama hakimo kwenye listi. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 anapata tatizo la akili baada ya kujifungua, sanasana sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha.

Kama ushawahi kuugua sonona au bipola (ule ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi halafu kuzama kwenye huzuni), au uzazi uliopita ulikusumbua, au mama yako ama dada yako yalimkuta, mwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki. Kama uko kwenye dawa usizitupe ghafla eti kwa sababu una mimba, ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi, ila usikae kimya pia maana valproate kwa mfano, dawa ya kifafa na bipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hiyo ongea na daktari hata kabla hujashika mimba.

Halafu usingizi. Hili ndo watu wanalidharau. Kaeni mpange nani anaamka usiku, mama mkwe akija kukanda na kupika mtori ni sawa, lakini muulizeni mapema kama atambeba mtoto ili mzazi alale masaa kadhaa mfululizo, maana wageni wa kuja kushika mtoto mchana na kutaka soda hawasaidii kitu.

Baba naye apewe kazi, kuangalia, kwa sababu mama mwenyewe mara nyingi hasemi, anaona aibu, ataambiwa hana shukrani. Kulialia siku ya tatu ya nne ni kawaida, huwa kunaisha ndani ya wiki mbili. Zikipita na bado analia, hali chakula, halali hata mtoto akilala, au anasema mtoto angepata mama mwingine ingekuwa afadhali, basi ni hospitali, msisubiri arobaini. Na akiulizwa kuhusu mawazo ya kujidhuru ajibu ukweli, wanauliza ili wamsaidie, siyo wamnyang'anye mtoto.

Kuna ile nyingine, saikosisi, inampata kama mama 1 au 2 kwa kila 1,000, mara nyingi wiki mbili za mwanzo. Anabadilika ghafla, halali kabisa ila ana nguvu, anaongea haraka, anasikia sauti, anasema mtoto kabadilishwa. Hapo ni hospitali usiku huohuo, na asibaki peke yake na mtoto hata dakika. Najua wengi wanaanzia kwa mganga au kwenye maombi, jamani maombi mtaendelea nayo wodini. Akichanganyikiwa huku ana homa, kichwa kinauma sana au anapata degedege, napo ni kukimbia, inaweza kuwa maambukizi au kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Kuhusu kunyonyesha, zipo dawa za sonona kama sertraline ambazo mama anatumia na mtoto ananyonya vizuri tu, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujakataa tiba.