Somo: Kuotesha mwani katika tangi la maji ya bahari

Wengi walioomba somo hili wamesikia kwamba mwani husafisha maji, na kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mwani hunyonya nitrati na fosfati zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ukazigeuza kuwa mwili wake, lakini vitu hivyo hubaki ndani ya tangi mpaka siku utakapoukata mwani na kuutoa nje. Wakulima wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani wa biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989, hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwa kuwa wao wanapanda ili wavune. Sisi wafugaji wa samaki wa mapambo ndio tunaopanda, tukafurahia rangi ya kijani, kisha tukasahau.

Hatua ya kwanza ni kuchagua aina. Kwa anayeanza napendekeza Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana mithili ya mshipi wa kuvulia uliojifunga mafundo. Haushiki jiwe, hauna mizizi, na kuuvuna ni kazi ya mkono mmoja. Caulerpa ni mzuri zaidi machoni na hukua kwa kasi, ila mmea wake mzima ni seli moja kubwa, na unapofikia kuzaa humwaga majini karibu kila kilichomo ndani yake. Niliwahi kuamka asubuhi nikakuta maji yangu yamekuwa kama tui lililotiwa rangi ya kijani, majani yamebaki maganda meupe, na samaki wanahemea juu kwa kukosa oksijeni. Tangu siku hiyo sijaurudisha.

Mbegu yoyote unayoipata, isuuze kwa maji ya chumvi na uiweke wiki mbili katika ndoo yenye mwanga na pampu ndogo ya hewa, ukiondoa konokono na mwani mwingine unaojitokeza. Usichukue mbegu ndani ya hifadhi ya bahari.

Hatua ya pili ni mahali. Mwani uwe katika chumba chake, kwa kawaida ndani ya tangi la chini linalopokea maji kutoka tangi kuu, kwa sababu samaki wala mwani, kama kangaja na tasi, watautafuna kabla haujashika. Mkulima wa mwani anamjua tasi kuliko anavyomjua jirani yake. Chumba chenye sehemu moja ya kumi ya maji yote kinatosha kuanzia. Maji yapite kwa nguvu ya kuuviringisha mwani polepole, maana fungu linalokaa palepale huoza katikati huku juu likiendelea kuonekana zima.

Hatua ya tatu ni mwanga. Taa nyeupe ya LED ya kelvini 6500 inafaa, na zile za kuoteshea mimea, zenye mchanganyiko wa nyekundu na buluu, zinafaa pia. Iwashwe saa 12 hadi 16, hasa wakati taa za tangi kuu zimezimwa. Usiku viumbe vyote vya tangi kuu hutoa kaboni dayoksaidi, nayo hushusha pH, yaani maji huelekea kwenye asidi. Mwani ulio kwenye mwanga huila gesi hiyo, na pH haiyumbi sana kati ya usiku na mchana.

Hatua ya nne ndiyo inayowaangusha wengi, nayo ni chakula. Mwaka 1983 Atkinson na Smith walichapisha vipimo vya mimea ya sakafu ya bahari vikionyesha uwiano wa kati wa atomi 550 za kaboni kwa 30 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Ukiugeuza uwiano huo kuwa uzito, mwani hutumia takriban miligramu 20 za nitrati kwa kila miligramu 1 ya fosfati. Kwa hiyo tangi lenye nitrati sifuri na fosfati miligramu 0.3 kwa lita halitasafishwa na mwani hata ukiliongezea taa tatu: mwani utakosa naitrojeni, utapauka, utaanza kukatikakatika, na yote uliyokuwa umeyanyonya yatarudi majini. Hapo mfugaji husema mwani haufai, ilhali aliunyima chakula. Mimi hulenga nitrati miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfati 0.03 hadi 0.1. Nitrati ikiisha, ongeza chakula cha samaki kidogo au punguza muda wa kuwasha kichuja povu, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu. Madini ya chuma nayo huisha upesi. Matone machache kwa wiki hurudisha rangi.

Hatua ya tano ni kuvuna. Fungu likijaza chumba, toa theluthi moja hadi nusu, kisha ulipindue lililobaki ili sehemu ya chini ipate mwanga.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Nachota maji baharini mwenyewe, na mwani wangu unageuka mweupe kila mwaka ifikapo masika. Kosa liko wapi?

Marahaba. Wakati wa masika maji ya pwani huchanganyika na ya mito, na chumvi hupungua. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, na upime: unataka gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo ya maji. Kwenye joto la kaskazi tatizo hugeuka. Ukitumia feni kupoza tangi, maji hupungua lakini chumvi hubaki, hivyo fidia kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, wala si ya bahari.

Mwanachama aliyeko Muscat: Niishipo ni karibu na ufuo. Je, naweza kuyatupa mabaki ya Caulerpa baharini, maana yalitoka baharini?

Hapana, ndugu yangu, hata kipande kimoja. Caulerpa taxifolia ya matangi ya maonyesho ilionekana baharini Monaco mwaka 1984 ikiwa kipande kidogo, kisha ikaenea katika Mediterania. Mwaka 2000 iligunduliwa California, na iliwachukua hadi 2006 kutangaza kwamba imekwisha. Yaanike mabaki juani yakauke kabisa, kisha yatie kwenye taka. Ukiwa na kangaja nyumbani, mpe yeye kwanza.

Mwanachama wa Mombasa: Juu ya Chaetomorpha yangu kumeota manyoya laini ya kahawia. Niutupe wote?

Usiutupe. Utikise ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, toa sehemu iliyofunikwa zaidi, na uongeze kasi ya maji. Manyoya hushika pale mwani unapokua polepole, kwa hiyo pima nitrati kabla hujagusa taa.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Maji yangu yamekuwa ya manjano tangu niweke mwani, nami nina matumbawe.

Mwani hutoa vitu vinavyotia maji rangi. Weka mfuko wa mkaa wa kuchujia, ubadilishe kila mwezi, ila siku ya kwanza weka kidogo tu: maji yakitakata ghafla, matumbawe hupigwa na mwanga mkali ambao hayajauzoea.