Lori linakunywa maji na chini hakuna tone: msake mwizi kabla hujafungua hedi

Kuna semi moja ililetwa hapa Makambako ikiwa imeshafunguliwa hedi (kile chuma cha juu kinachofunika silinda) mara 2 na mafundi wawili tofauti, mwenye gari kashanunua gasketi, kashalipa kuskimu (kusawazisha uso wa hedi), kashaishiwa maneno, na bado kila ikimaliza kupanda mlima wa Kitonga dereva anasimama anaongeza lita 10 za maji. Chini pakavu, oili safi, moshi wa kawaida. Mwizi alikuwa kompresa ya upepo, ntarudi kwake huko mbele maana wengi humpita hivihivi.

Anza na injini iliyopoa. Sio kupoa kwa dakika 10 za kuvuta sigara, nasema ipoe mpaka unaishika hosi ya juu ya rejeta na mkono haukimbii. Mfumo wa maji unakaa na presha, angalia kifuniko utaona namba kama 0.9 au 1.1 (ni bar), hiyo ndio presha kinayoibana kabla hakijaachia, na ndio inayozuia maji yasichemke hata yakivuka 100. Ukikifungua cha moto yale maji yanalipuka usoni, hapo hakuna utani. Na kifuniko chenyewe ndio kitu cha kwanza kukikagua, tena cha bei rahisi kuliko vyote: huku kwetu juu maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye 94 au 95 hivi, kwa hiyo mpira wa kifuniko ukifa, gari iliyokuwa haina neno Dar ikifika huku inatapika maji kwa juu, dereva anasema ina leki kumbe haina leki popote.

Kifuniko kikiwa kizima osha injini, iache ikauke, jioni tandika maboksi makavu chini yake uende ukalale. Asubuhi boksi litakuonyesha tone limeangukia wapi, ila usiamini moja kwa moja, maji yanatembea juu ya chuma na upepo wa feni unayarusha nyuma, we fuata alama kwenda juu mpaka pale inapoanzia. Kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ikikauka inaacha unga wa rangi yake, maji ya kisima yanaacha chumvi nyeupe au mchirizi wa kutu. Kuna leki zingine zinatoka gari ikiwa ya baridi tu, hasa miezi ya 6 na 7 huku Njombe, mpira unasinyaa klipu inalegea inadondosha usiku kucha, injini ikipata moto kila kitu kinavimba kinajibana, fundi anaangalia mchana haoni kitu anasema dereva muongo.

Sehemu za kupitia: hosi zote pale kwenye klipu, zikiwemo ndogo za kwenda kwenye hita ya kebini (zulia likilowa upande wa abiria na harufu ya utamu, ndio hiyo), vile vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku vinavyoliwa na kutu kutokea ndani, na wota pampu. Wota pampu ina kitundu chini yake, kimewekwa makusudi, sili ikichoka maji yanatokea hapo ili yasiingie kwenye beringi. Nimeshakuta kitundu kimepigiliwa skrubu ati leki imeisha!! Wiki ya pili pampu ikajam na feni ikala rejeta.

Kama macho hayajaona kitu, pima kwa presha. Ile pampu ya mkono ya kupimia rejeta ni nzuri sana, asiye nayo huwa tunachukua kifuniko cha zamani tunakifunga valvu ya tairi, tunajaza upepo kidogokidogo huku geji ikisoma, na usizidishe ile namba ya kwenye kifuniko la sivyo utapasua rejeta nzima ambayo haikuwa na kosa. Injini iwe baridi, pandisha, subiri dakika 20. Sindano ikisimama palepale mfumo hauvuji ukiwa baridi, rudia injini ikiwa na uvuguvugu. Ikishuka na nje unaona tone, umeshampata. Ikishuka na nje pakavu kabisa, maji yanaingia ndani ya injini, sasa tuliza akili.

Iache na presha hiyo usiku mzima. Asubuhi kabla hujapiga stata, legeza nati ya kumwagia oili taratibu, maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini kabisa, yakitangulia kutoka maji ujue yanashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Oili iliyogeuka chai ya maziwa ni kesi hiyohiyo, ila imechelewa kujulikana. Na ukikuta kinyume chake, oili inaelea kwenye tangi la maji halafu oili ya injini ni safi, usiguse hedi, mtuhumiwa wa kwanza ni oili kula (kile kifaa kinachopoza oili kwa maji), sababu injini ikizunguka presha ya oili inazidi ya maji mara kadhaa kwa hiyo oili ndio inasukumwa kwenda kwenye maji. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, wenye kautamu puani, maji yanaungua ndani ya silinda. Hapo stata ikigonga ghafla ikakataa kuzungusha ACHA, usilazimishe, maji hayabanwi, utapinda koni rodi (mkono unaoshika pistoni), ng'oa kwanza nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda).

Sasa mapovu. Asubuhi injini baridi, washa, ndani ya dakika moja mbili shika hosi ya juu. Ikiwa ngumu kama tairi wakati bado ya baridi, kuna upepo unaingia kwenye maji na kutoa mapovu, na kila fundi hapo anasema gasketi ya hedi. Tulia. Kompresa ya upepo wa breki nayo inapozwa na maji ya injini, inasukuma bar 8 na zaidi, gasketi yake ikipasuka upepo unaingia kwenye maji, unayasukuma yatoke kwenye kifuniko njiani, ndio maana chini hapadondoki kitu gari ikisimama. Jinsi ya kupima: weka magogo kwenye tairi, fungua paipu ya upepo inapotoka kwenye kompresa ili ipulizie nje, washa injini. Mapovu yakikata, umemaliza kesi kwa spana moja. Yakiendelea ndio tuongelee hedi. Ile semi yakakata palepale, na mwenye gari alikaa kimya muda mrefu.

Kama kweli ni hedi, jua kwanza ni silinda ipi. Kwenye Scania nyingi za silinda 6 kila silinda ina hedi yake, sio lazima ufungue zote: ng'oa nozeli, weka presha kwenye maji, acha masaa, kisha zungusha, silinda itakayorusha maji ndio yenyewe (usichungulie tundu wakati wa kuzungusha). Kama maji yanashuka kwenye sampo, fungua sampo ukiwa na presha na tochi, angalia laina (bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka) ipi inadondosha chini. Hizi laina za maji zina mipira ya oringi kwa chini, na zinaliwa vitundu kama vya sindano kutokea upande wa maji, sababu laina inatetemeka vipovu vinapasukia juu ya chuma. Kulanti yenye dawa ndio inazuia hiyo kitu, maji matupu ya kisima hayana uwezo huo.

Matengenezo yenyewe mengi ni mepesi. Hosi iliyochanika mwishoni kata sentimita 3 ifunge upya kama urefu unaruhusu, iliyovimba kwa oili tupa. Rejeta ya shaba inachomelewa, ya aluminiamu yenye tangi la plastiki ukiichomelea kienyeji unajisumbua, badilisha. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma, na kimo cha laina juu ya bloku kipimwe pia, hapo ndipo gasketi nyingi mpya hufia, bolti zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa kitabu cha injini hiyo sio kwa nguvu za utingo. Bizari na unga wa kuziba leki vitakufikisha kijiji kinachofuata, kisha vitaziba oili kula. Themostati (valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) irudishe, kuing'oa kwenye injini nyingi kunayafanya maji yazunguke bila kupita rejeta.

Ukijaza, changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu, swichi ya hita iwe kwenye moto, mimina polepole huku skrubu ya kutolea upepo ikiwa wazi, washa bila kifuniko mpaka themostati ifunguke, ongeza, funga. Chora alama ya kina kwenye tangi kwa maka peni, kesho asubuhi gari ikiwa baridi angalia tena, na baada ya safari ya kwanza pitia klipu zote kwa bisibisi.