Kitalu Kisikae Kitupu: Kulima Mboga Mwaka Mzima Jijini Nairobi

Anayetaka kuchuma mboga uani kwake tangu Januari hadi Desemba hana budi kuanzia kwenye kitalu. Kipande cha mita moja kwa mbili, au hata beseni kuukuu lililotobolewa chini, kikiwa na miche ya umri tofauti wakati wote, ndicho kinachoitenga bustani inayolisha nyumba na ile inayotoa rundo la sukuma wiki mwezi wa Mei kisha ikabaki magugu. Hali ya hewa haimnyimi mtu nafasi, kwa kuwa jiji liko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari huzuia joto lisiwe kali mno. Kinachobadilika sana ni maji, na kwa kiasi kidogo baridi ya Julai.

Mimi husia mbegu kila baada ya wiki 3, hata kama siku hiyo sioni nafasi ya kuhamishia miche: mara hii sukuma wiki, mara ijayo managu (mnavu), kisha spinachi au vitunguu. Mbegu 30 za sukuma wiki zinaitosha familia, nao wanaomwaga pakiti nzima huishia kugawia majirani miche iliyorefuka na kulegea. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, funika mbegu kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita moja, tandaza nyasi kavu juu yake, na uziondoe jioni ya siku ile unapoona vichwa vya kwanza vikitokeza. Baada ya wiki 4 au 5 miche huwa tayari kuhamishwa. Kunde, dania na mchicha, ambao wengi wetu tunauita terere, havipitii kitaluni bali hupandwa moja kwa moja, na kwa kuwa huisha haraka vinahitaji kurudiwa kila wiki 2 au 3. Terere huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4, dania baada ya 6 hivi.

Kabla ya kuhamisha chochote, ujue udongo ulio nao. Upande wa Kangemi, Kabete na Dagoretti ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini ni ule mweusi wa mfinyanzi. Aprili mmoja, nikiishi Embakasi, nilipanda miche 40 ya spinachi kwenye ardhi tambarare. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na udongo ambao Februari ulikuwa na nyufa za kupitisha mkono ukageuka uji mzito. Majani yalianza kuwa ya manjano kutoka chini, na nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka kama mtaro. Tangu hapo sipandi kitu kwenye udongo huo bila tuta lenye kimo cha sentimita 30 na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mtu kulikanyaga, pamoja na mfereji wa kuondolea maji. Samadi nayo iwe imeoza kabisa. Ukiingiza mkono ndani ya lundo na kuhisi joto, iache mwezi mwingine, kwa maana itaunguza mizizi.

Jambo linalosahauliwa na wengi wanaoishi kati ya majengo ni kwamba kivuli huhama. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo jengo lenye urefu wa mita 15 hutupa kivuli cha karibu mita 7 upande wake wa kusini hata adhuhuri. Desemba mambo hugeuka. Tuta lililostawi vizuri wakati wa mvua za vuli huenda Julai likakaa gizani mchana kutwa, na mtu akalaumu mbegu.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ni ya kabichi, njegere, spinachi na dania, ambayo wakati huo haiharakishi kutoa maua. Nyanya na pilipili hoho hudumaa, na unyevu unaokaa kwenye majani huleta ule ugonjwa ambao wakulima huuita blaiti. Kama ni lazima uzipande, zifungie kwenye vijiti vilivyosimamishwa, ondoa majani yanayogusa udongo, na umwagilie asubuhi penye shina tu. Januari na Februari jua huwa kali na mgao wa maji huuma. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa vidole vinne hupunguza maji yanayohitajika, nayo maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Maji ya mitaro ya majitaka, ambayo baadhi ya watu huyatumia, yaachwe: vyuma vizito, yaani metali zenye sumu, vinavyoingia kwenye mboga haviondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Asiye na ardhi atumie gunia. Chukua mkebe mkubwa usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia na uujaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi, sehemu mbili kwa moja. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, uvute mkebe juu na kuujaza tena, mpaka nguzo ya kokoto ifike mdomoni mwa gunia. Maji humiminwa kwenye nguzo hiyo, yakaenea pande zote. Bila hiyo, sehemu ya juu huwa matope na ya chini vumbi. Toboa pande kwa mpangilio wa kupishana, na ungoje udongo utulie siku mbili au tatu kabla ya kupachika miche.

Vidukari hujificha chini ya majani ya sukuma wiki, hasa wakati wa kiangazi. Huonekana kama majivu ya kijani yaliyoganda. Wakiwa wachache, wafute kwa kidole au uwanyunyizie maji ya sabuni ya mche. Jani lililokunjamana kabisa litupwe mbali na bustani.

Unapochuma sukuma wiki, vunja jani kwa kulisukuma chini karibu na shina, na uache manne au matano juu. Shina likishakuwa refu hata likaanza kuinama na kutoa majani madogo magumu, ling'oe bila huruma, na jioni hiyo hiyo mche kutoka kitaluni uingie katika shimo lake.