Mkate usio na ngano kwa jiko la mkaa, na kazi za bustani kabla mvua haijashika

Habari zenu wapendwa wa Kigoma na kwingineko. Wengi mnaniuliza mtu ambaye tumbo lake halipatani na ngano anywe chai na nini, na naona watu wanahangaika kuagiza unga wa bei mbaya toka Dar wakati makopa, yaani muhogo mkavu, yamejaa sokoni Mwanga na Ujiji. Kinachomsumbua ni gluteni, ile protini inayofanya donge livutike, na iko kwenye ngano, shayiri na rai. Muhogo, mchele, mahindi, mtama, ulezi, vyote hivyo havina, kwa hiyo kwetu unga sio tatizo, tatizo ni mashine.

Yani ukipeleka makopa yako mashineni na aliyekutangulia kasaga ngano au ule unga wa lishe uliochanganywa ngano, mabaki yake unayabeba mpaka nyumbani, na mwenye seliaki, ule ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni, hata kidogo hicho kinamuumiza utumbo japo siku hiyo anaweza asisikie kitu. Tafuta mashine inayosaga muhogo na mahindi tu, uliza bila aibu, au twanga kwenye kinu chako. Chekecheo nalo liwe la peke yake, lile la maandazi liache.

Mahitaji: unga wa mchele kikombe 1, unga wa muhogo kikombe 1, mayai 3, ndizi mbivu 2 zile za madoa meusi, mafuta robo kikombe, maziwa nusu kikombe, asali vijiko 2 vya chakula, beking pauda kijiko 1 na nusu cha chai, chumvi ya Uvinza kidogo. Beking pauda soma kwanza pakiti maana zingine zinawekewa wanga wa ngano.

1. Ponda ndizi mpaka zilainike kabisa, piga na mayai, mafuta na asali. Mayai na ndizi ndo vinashikilia mkate badala ya gluteni, usivipunguze.

2. Changanya unga, chumvi na beking pauda pembeni, halafu mimina ule mchanganyiko wa mayai na maziwa kidogo kidogo. Usikande, hapa hatutafuti donge, tunataka rojo zito linalodondoka kwenye mwiko taratibu.

3. Paka sufuria mafuta, mimina, funika, mkaa mchache chini na mwingi juu ya mfuniko. Chini ukizidisha tu kitako kinaungua na katikati bado mbichi. Kama dakika 40 hivi choma na njiti, ikitoka kavu tayari.

4. Usikate ukiwa wa moto!! Ndani unakuwa kama gundi, uache upoe kabisa ndo ukae sawa.

Ila muhogo protini yake ni ndogo sana, kwa hiyo mtoto usimpe mkate na chai ya rangi ukasema kashiba, mpakie karanga za kusaga au mpe yai.

Sasa bustani, maana huo muhogo unatoka huko. Septemba mpaka Oktoba kabla mvua haijakolea fyeka, lakini majani usichome, yarundike uje utandaze kwenye matuta. Samadi iwe imeoza vizuri, mbichi inaunguza mizizi. Pingili za muhogo, vile vipande vya kupanda, kata kwenye shina lililokomaa, urefu kama sentimita 25 na macho 5 mpaka 7, zipande mvua zikianza, mita 1 kwa mita 1. Mchicha na matembele yaweke karibu na jiko, yanywe maji ya kuoshea mboga.

MASWALI

Swali toka Kasulu: Dada, muhogo wangu ni mchungu, naweza kutumia?
Jibu: Unaweza mama, ila menya, loweka siku 3 au 4 mpaka ulainike, anika ukauke kabisa ndo usage. Ukiruka hapo ni sumu, na kuoka peke yake hakutoshi. Wenye ukungu tupa.

Swali toka Uvinza: Mwanangu anaharisha akila chapati, nimwachishe ngano leo?
Jibu: Pole sana. Mpeleke hospitali kwanza akapimwe akiwa bado anakula ngano, maana akishaacha kipimo cha damu cha seliaki kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa anao.

Swali toka Ujiji: Mawese yanafaa badala ya mafuta ya alizeti?
Jibu: Yanafaa kabisa, mkate unatoka na rangi nzuri ya machungwa, ila harufu yake utaisikia, kwa hiyo weka nusu mawese nusu alizeti.

Swali toka Kibondo: Jirani kanipa pingili bure ila shamba lake majani yamejikunja na yana mabaka ya njano, nipande tu?
Jibu: Hapana kaka, hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, na inasafiri na pingili. Mshukuru, usizipande, tafuta kwa mtu ambaye mihogo yake ina majani mazima.